Kuchagua barua pepe ya ofisi ndogo: maneno kutoka meza ya wakala wa forodha

Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini Dar es Salaam. Ofisi yetu iko Kurasini, tupo saba ukimhesabu na kijana anayekimbizana na makaratasi kwa bodaboda. Wateja wetu wengi hawajawahi kuikanyaga ofisi hiyo. Wako Lubumbashi, Kolwezi, Kigali, wengine Mbeya na Tunduma, na wanachokijua kutuhusu ni namba ya simu na anwani ya barua pepe. WhatsApp tunaitumia kusalimiana na kusukumana. Lakini nakala ya BL (hati ya meli ya kupokelea mzigo), ankara ya muuzaji, taarifa ya kuwasili kwa meli, vyote hivyo hupita kwenye imeili, maana ndiko kampuni za meli na benki zinakotaka vipite.

Mwaka 2017 tulipoteza fedha kwa sababu ya imeili, na hapakuwa na mwizi. Kampuni ya meli ilituma taarifa ya kuwasili kwa kontena mbili za vipuri vya mgodini. Kisanduku chetu kilikuwa kimejaa, barua ikarudishwa ilikotoka. Aliyeituma hakuwa mtu bali mfumo wa kompyuta, na mfumo haupigi simu kuuliza mbona barua imerudi. Sisi tukakaa tunasubiri meli ambayo ilishafunga gatini. Siku za bure za kontena zikaisha, gharama za kuchelewesha zikaanza kuhesabika kwa dola, kila siku, Jumapili nayo ikiwemo. Mteja aliposikia sababu alicheka kwanza, halafu hakucheka tena. Bili tuligawana.

Tangu hapo mambo ya imeili ofisini yakawa yangu, ingawa niliajiriwa kupokea simu na kupiga chapa. Haya nayaandika kwa mwenye ofisi ya watu watatu hadi kumi anayejiuliza achukue huduma gani. Ukiwa unapika chakula cha mchana maofisini au unashona nguo, na wateja wako wote wanakupata kwa simu, Gmail ya bure inakutosha na usidanganywe na fundi yeyote. Ina GB 15, ingawa nafasi hiyo unagawana na picha zako na mafaili ya Drive. Rudi hapa siku utakapoanza kutuma ankara kwa watu usiowaona.

Jina kwanza

Tuliosoma bweni enzi za barua za karatasi tunakumbuka anwani zetu: jina lako, kwa kupitia kwa Mkuu wa Shule, halafu namba ya sanduku la posta la shule. Ulipomaliza kidato cha nne ukaondoka, barua zilizochelewa zilibaki kule, na aliyezisoma unamjua mwenyewe.

Anwani ya ofisi yetu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo. Jina la kampuni, alama ya @, kisha jina la huduma ya bure. Aliitengeneza mpwa wa bosi kwenye intaneti kafe Kariakoo, akaweka namba yake ya simu kuwa ndiyo ya kurudishia nenosiri. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anasaidia. Miaka ikapita, yeye akahamia Mwanza, akabadilisha laini. Ile ya zamani hakuisajili kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini za namna hiyo zilipozimwa nchini, ikazimwa nayo. Miezi michache baadaye akaunti ikatudai tuthibitishe kwa namba ambayo haipo duniani. Kwa bahati wakati huo tulikuwa tumeibakiza kwa wateja wa zamani tu. Hata hivyo kuna watu wa Kolwezi walioiandikia mwaka mzima wakidhani tumewanunia.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha bei za kampuni yoyote, sajili jina lako mwenyewe la mtandaoni, ambalo mafundi wanaliita domeni. Hilo ndilo litakaa baada ya alama ya @. Huduma ya kupokea na kutuma barua unaikodi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mteja hatajua kama umehama. Jina halihami.

Tanzania majina yanayoishia na .tz yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na wewe unalinunua kwa msajili aliyeidhinishwa. Kwa biashara ni .co.tz. Wenzetu wa Kenya wana KeNIC na .co.ke. Ukipenda .com chukua, haina ubaya, ila majina mazuri huko yalishachukuliwa zamani. Kuwa na jina la biashara BRELA, kwa msajili wa biashara, hakukupi jina hilo mtandaoni. Ni daftari mbili tofauti, na aliyewahi ndiye anayepata.

Chagua jina linalotamkika kwenye simu mbovu. Mimi nilifanya mtihani: nilimpigia dereva wetu akiwa Tunduma, nikamtajia jina mara moja, nikamwambia aniandikie kwa ujumbe. Majina mawili kati ya matatu tuliyoyapenda alikosea. Moja lilikuwa na r na l zimefuatana, na kwetu herufi hizo zinabadilishana viti kutegemea mtu katokea wapi. La pili lilikuwa na kistari katikati. Tulichukua la tatu, ambalo bosi hakulipenda sana.

Halafu hakikisha limesajiliwa kwa jina la kampuni. Hapa ndipo watu wengi wanapolizwa. Fundi anakutengenezea tovuti, analisajili jina kwa jina lake na imeili yake kwa sababu ni haraka, na siku mnagombana kuhusu malipo unagundua kwamba yeye ndiye mwenye jina lako. Omba upewe akaunti ya msajili, ingia mwenyewe, angalia palipoandikwa mmiliki. Na imeili ya mawasiliano unayoiweka pale isiwe ya domeni hiyohiyo. Ukisahau kulipia, domeni inazimwa, imeili zake zinazimwa pamoja nayo, na ujumbe wa kukuambia umesahau kulipia unatumwa kwenye imeili iliyozimwa. Weka ya nje, Gmail ya bure ya bosi inafaa sana kwa kazi hiyo.

Wapi ukodi

Njia zipo nyingi lakini kwa ofisi ndogo za kwetu zinaangukia sehemu tatu.

Ya kwanza ni visanduku vinavyokuja pamoja na tovuti. Ukinunua nafasi ya tovuti kwa kampuni ya hapa, wanakupa na imeili humohumo, mara nyingi bila kuongeza hela. Unalipa kwa shilingi, unapata risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na ukikwama unampigia mtu anayezungumza Kiswahili. Tulikaa huko miaka mingi, sitawasema vibaya. Lakini nafasi ilikuwa GB 1 kwa kila kisanduku, na hati zetu zinaskaniwa kwa rangi na kijana asiyejua kupunguza ukubwa. Ndiyo ile 2017.

Tatizo la pili nililielewa baadaye. Kwenye huduma hizo kompyuta moja kubwa, yaani seva, inabeba tovuti na imeili za watu wengi, na wote mnatumia anwani moja ya seva. Jirani usiyemjua akituma maelfu ya barua taka, seva nzima inaingia kwenye orodha ya wachafuzi, na ankara yako halali inatupwa pamoja na matangazo yake ya dawa za kupunguza tumbo. Kuna wiki mteja wa Kigali aliniapia kwamba hajapata kitu, nami nikiwa natazama kwenye kompyuta yangu imeandikwa imetumwa. Ilikuwa kwenye spamu. Kama unaenda njia hii, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: kila kisanduku kina GB ngapi, na barua zinazotoka zinapitia seva ileile ya tovuti au wana huduma tofauti ya kutuma barua. Anayejibu swali la pili bila kubabaika huyo anajua kazi yake.

Njia ya pili ni wakubwa wawili, Google na Microsoft. Kwa Google unachukua Google Workspace. Ni Gmail ileile unayoijua, ila inabeba jina lako. Mpango wa chini unampa kila mtu GB 30. Microsoft 365 kwa mpango wao wa Business Basic ina kisanduku kisichopungua GB 50, na juu yake TB 1 ya kuhifadhi mafaili. Watu wanaponunua huo wa Microsoft wanadhani wamepata na Word na Excel za kusimika kwenye kompyuta. Hapana. Basic ni za kwenye kivinjari na simu tu; za kusimika ziko kwenye mpango wa juu yake. Mhasibu wetu, ambaye bila Excel yake hali chakula, angeniua.

Njia ya tatu ni huduma zilizokusudiwa wenye mfuko mwembamba. Ninayoifahamu vizuri ni Zoho Mail, ya kampuni ya Wahindi yenye makao Chennai. Mpango wao mdogo wa kulipia ni kama dola 1 kwa mtu kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, GB 5 kila mmoja. Wana pia mpango wa bure wa watu hadi watano kwa domeni moja, lakini unausoma kwenye kivinjari au programu yao ya simu tu, huwezi kuuingiza kwenye Outlook ya kompyuta, na haupatikani kila nchi. Nimewawekea Zoho ndugu wawili wenye duka la vifaa vya umeme Mbagala na hawajawahi kunipigia kulalamika. Proton ya Uswisi nayo ipo, inasifika kwa usiri, lakini kutumia domeni yako unalipa, na kuiunganisha na Outlook kunahitaji programu nyingine ya katikati. Kama wewe ni wakili wa kesi nzito, iangalie.

Sasa hesabu. Bei za wakubwa zinabadilika, mara nyingi kwenda juu, lakini shika kwamba mwaka 2025 Microsoft Basic ilikuwa kama dola 6 kwa mtu kwa mwezi na Google kama dola 7 ukijifunga mwaka mzima. Kwa bei hizo, watu wanne kwa mwaka ni dola 288 kwa Microsoft, 336 kwa Google, 48 kwa Zoho. Tofauti hiyo si ya kupuuza kwa duka. Kwa wakala wa forodha, kontena moja likikaa bandarini kwa sababu ya barua iliyopotea limeshaimeza.

Unaona nimehesabu wanne wakati tupo saba. Unalipia watu, hulipii anwani. Kijana wa bodaboda, dereva na dada wa usafi hawaandikiani na mtu yeyote. Na anwani za kazi kama za hati, za malipo, za maulizo ya jumla, hazihitaji mtu wa kulipiwa. Google inakuruhusu kumpa mtu mmoja majina ya ziada hadi 30 bila malipo, na kutengeneza kundi ambalo barua moja inawafikia watu watatu. Microsoft ina kisanduku cha pamoja ambacho hakihitaji leseni hadi GB 50. Muuzaji anayetaka kukuuzia akaunti kumi kwa watu wanne ama hajui, ama anajua sana.

Sisi tulichukua Google. Sababu yenyewe haina uhandisi ndani yake: wote wanne walikuwa na Gmail kwenye simu zao, kwa hiyo sikufundisha mtu. Kama ofisi yako inaishi ndani ya Excel na Outlook, nenda Microsoft, usisumbue watu wazima na mazoea mapya. Kama bajeti ndiyo inayoongea, Zoho. Ninachokataa ni ofisi inayolipia Google kwa sababu tu jirani analipia Google.

Kuna swali ambalo huulizwa sana: je, intaneti ikikatika? Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania tulikaa siku kadhaa tukiutazama mduara unaozunguka. Hatukupoteza hata barua moja. Seva inayotuma isipoipata inayopokea huishikilia barua na kujaribu tena na tena, kwa kawaida siku kadhaa, kabla ya kukata tamaa. Tena kwetu seva inayopokea iko kwa Google na haikuwa imezimika. Sisi ndio tuliokuwa hatufiki. Kisanduku kilichojaa ni hatari kuliko waya uliokatika, kwa sababu hapo barua inaweza kurudishwa papo hapo.

Rekodi nne ambazo usimwachie fundi akufichie

Ukishachagua huduma, kuna maandishi ya kuingiza kwenye mipangilio ya domeni. Fundi anaweza kukufanyia, lakini simama nyuma yake.

Rekodi ya MX inaiambia dunia barua za jina lako zipelekwe seva gani. Ukibadili huduma unabadili MX, na zile za zamani unazifuta. Fundi wetu aliziacha zote mbili, za zamani na mpya, tukawa tunapokea barua nyingi huku chache zikiangukia kwenye kisanduku ambacho hakuna anayekifungua.

SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Domeni moja inatakiwa iwe na mstari mmoja tu wa SPF. Ukiongeza wa pili badala ya kuunganisha na wa kwanza, yote miwili inahesabika ni batili, na hakuna anayekuambia. DKIM ni muhuri: kila barua inatoka na saini ambayo mpokeaji anaihakiki kwa ufunguo ulioweka kwenye domeni yako. Kwa Google na Microsoft muhuri wa jina lako mwenyewe haujiwashi, lazima uingie kwenye ukurasa wa msimamizi uutengeneze na kuuwasha. DMARC ndiyo inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa mitihani hiyo. Anza na p=none, yaani angalia tu usizuie, na baada ya wiki kadhaa ukiona barua zako zote zinapita, panda hadi p=quarantine ili za bandia ziende kwenye spamu.

Zamani haya yalikuwa mapambo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai kila anayetuma kwa watumiaji wao awe na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi, ambako Google wanahesabu ni kama barua 5,000 kwa siku, awe na vyote pamoja na DMARC. Wewe hufiki elfu tano, lakini weka vyote. Kuhakiki ni rahisi: jitumie barua kutoka ofisini kwenda Gmail yako binafsi, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, chagua kuiona katika asili yake. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, na kila moja inatakiwa iandikwe PASS. Fundi asilipwe kabla hujaona PASS tatu. Mimi nilimwambia wetu hivyo, akasema anaharakisha kwenda Kigamboni. Nikamwambia kivuko kipo hadi usiku.

Kuhama

Hama Jumamosi mchana, benki na kampuni za meli zikiwa zimepoa. Siku moja au mbili kabla, punguza muda wa kumbukumbu wa rekodi zako, ule unaoitwa TTL, uwe mfupi, ili mabadiliko yasambae upesi. Tengeneza akaunti zote upande mpya, jaribu kuingia, ndipo ugeuze MX. Barua za zamani zinavutwa kwa IMAP, njia inayozisoma zikiwa bado kwenye seva. Google, Microsoft na Zoho zote zina chombo cha kuhamishia. Kama mtu alikuwa anapakua kwa POP, njia inayozishusha kwenye kompyuta na kuziondoa kwenye seva, barua zake ziko kwenye laptopu yake peke yake na hakuna seva ya kuzivutia. Hilo uliulizie mapema. Bosi wetu alikuwa na miaka sita ya barua kwenye laptopu iliyomwagikiwa chai.

Usisitishe huduma ya zamani siku hiyohiyo. Ilipie mwezi mmoja zaidi, na kila asubuhi ifungue uone nini kimeangukia huko.

Akaunti ya msimamizi mkuu iwe na watu wawili, kwetu ni bosi na mimi. Mmoja akipata malaria au akipata kazi kwingine, ofisi haifungwi.

Kuhusu nenosiri na ile akaunti mpya

Mwaka 2021 simu iliita asubuhi kutoka Lubumbashi. Mteja wa miaka mingi, mtu wa taratibu. «Mama, tulisha kulipa kwa ile konti mupya mulitutumia.» Mimi sikuwa nimemtumia akaunti yoyote mpya.

Mtu alikuwa ameingia kwenye kisanduku cha mwenzetu mmoja, aliyetumia nenosiri lilelile kila mahali, akakaa humo kimya kwa muda tusioujua. Hakufuta kitu, hakutuma kitu. Aliweka kanuni moja tu kwenye mipangilio: kila barua yenye neno la malipo nakala yake iende kwake. Mzigo ulipokaribia akatuma ankara yetu yenyewe, muhuri wetu wenyewe, namba ya akaunti ya benki ndiyo imebadilika. Na hakuituma kutoka kwetu. Alisajili domeni inayofanana na yetu, mahali pa m akaweka r na n zimebanana, na kwenye simu ndogo macho hayaoni. Tuliripoti polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, lakini fedha zile hazikurudi.

Ndiyo maana siku hizi swali langu la kwanza kwa huduma yoyote ni kama msimamizi anaweza kumlazimisha kila mtu kutumia uthibitisho wa hatua mbili. Google, Microsoft na Zoho zote zinaruhusu. Ile yetu ya zamani ilikuwa haina. Tumia programu ya kutoa namba kwenye simu badala ya ujumbe wa SMS, kwa sababu laini inaweza kuhamishwa na wajanja. Na mara moja kwa mwezi nafungua mipangilio ya kila kisanduku nikitafuta kanuni za kupeleka barua nje ambazo mwenyewe hazijui. Inachukua dakika kumi na tano na kikombe cha kahawa. Chini ya kila barua yetu sasa kuna mstari unaosema akaunti yetu ya benki haibadilishwi kwa imeili, ukiona imebadilika piga namba uliyonayo zamani, usipige iliyoandikwa humo.

Mfanyakazi akiondoka, siku hiyohiyo nambadilishia nenosiri, namtoa kwenye vifaa vyote, na barua zake zinaelekezwa kwa anayeshika meza yake. Simfutii akaunti kwanza. Ndani yake kuna nakala za pasipoti na TIN za watu, na tangu 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika, kuziacha zikizagaa ni kosa la ofisi, si la aliyeondoka.

Kulipa

Wakubwa wanataka kadi. Kama huna ya benki, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inakubalika kwa malipo mengi ya nje, lakini iwe na salio tarehe ya kukatwa, la sivyo huduma inaanza kukutishia. Mhasibu wetu hakupenda njia hiyo kwa sababu haina risiti ya EFD, na bila risiti hiyo matumizi yanamletea ubishi wakati wa hesabu za TRA. Suluhisho ni wauzaji wa hapahapa wanaouza Google au Microsoft kwa shilingi. Bei yao ni juu kidogo, na kodi ya 18% unaiona waziwazi kwenye ankara, lakini unapata risiti na mtu wa kumpigia. Hata hivyo ufunguo wa msimamizi mkuu ubaki kwako. Muuzaji apewe wake wa kusaidia tu, ambao unaweza kumnyang'anya.

Domeni yetu tunailipia kila Septemba. Tarehe nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, ile tunayopewa na watu wa malori, na bosi kila akipita anauliza kwa nini nisiweke kikumbusho kwenye imeili.